Bibi, Mtoto Ana Miaka Mingapi?

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu wa heshima, Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Shule pamoja na wajumbe wako, Tabibu wetu wa meno, walimu wenzangu, mpishi wetu, ambaye leo kwa mara ya kwanza amekaa kitini huku wengine wakipakua, ndugu mlinzi wa lango, wazazi, walezi na majirani, na ninyi wanangu mliokaa mkekani hapa mbele, mlioambiwa msitikisike na tayari mmeshatikisika: habari za mchana?

Kuna mtu nimemruka. Bibi, wewe uliyekaa safu ya mwisho karibu na mlango, mwenye mtandio wa kijani. Shikamoo, Bibi. Naomba usogee huku mbele. Hapana, si kwa ubaya. Kuna kiti hapa kando ya Mheshimiwa, chenye mkoba wangu. Mkoba ushushwe chini, Bibi akae. Na mjukuu wako usimwache huko nyuma, njoo naye, akae mkekani na wenzake. Tutasubiri. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja, dakika moja haitanipunguzia kitu.

Ahsante. Sasa tuko sawa.

Mheshimiwa, umenisifu sana. Nimekaa pale nikikusikiliza nikatamani ningekuwa huyo uliyekuwa unamsema. Umesema mwalimu mkuu wa shule hii ya awali akimchungulia mtoto kinywani anakutajia umri wake papo hapo, bila karatasi. Umesema shule nyingine zije zijifunze. Walimu wangu nao, kwa mapenzi yao, wametundika kitambaa nyuma yangu, na rangi yake nyekundu inasomeka hadi langoni: JICHO HALIKOSEI. Hapa mezani pana zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa, na mwenzetu mmoja ambaye siri kwake haikai hata siku moja ameshaninong'oneza kwamba ndani mna kibao cha mbao chenye maneno hayo hayo, cha kupigiliwa mlangoni mwa ofisi. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini zawadi hiyo siifungui. Nikishamaliza kusema, mtaamua wenyewe kama bado mnataka kunipa.

Kwa wageni mnaoingia hapa leo kwa mara ya kwanza, niwaeleze kidogo tunavyoishi. Shule yetu ina madarasa mawili. Wadogo hukaa chini, tunawaita wa Mkeka. Wenye miaka sita hukaa juu, tunawaita wa Benchi, na hao ndio hushika penseli, husoma, hupimwa mwezi wa tisa ili waende shule ya msingi. Kati ya Mkeka na Benchi hakuna ukuta, kuna kabati tu la vitabu, lakini muulizeni mtoto yeyote atawaambia kwamba safari ya kuzunguka kabati lile ni ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri.

Nilipoanza kazi, watoto wengi walikuja bila cheti wala kadi ya kliniki. Na sisi wazazi tunajuana. Mzazi akiwa na haraka, umri wa mtoto unapanda. Mzazi akiwa hana haraka, umri unakaa. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa na miaka mitano kwa miaka mitatu. Nikachoka kudanganywa, nikaamua kuuliza kisichojua kudanganya. Nikawa namwambia mtoto, "Fungua." Nikiona pengo mbele, nasema, "Sita. Benchi." Nikiona meno yote yapo, nasema, "Bado. Mkeka." Basi. Foleni inasogea.

Tukaifanya sherehe. Jino likimng'oka mtoto wa Mkeka katikati ya mwaka, darasa zima linapiga makofi matatu, ninamshika mkono, ninamzungusha kabati, ninamkalisha benchini na kumpa pipi ya kijiti. Tabibu, usinitazame hivyo. Najua. Mtoto jino limetoka, nami nampa pipi. Hilo la pipi nalo litakuja.

Wazazi wakanibandika jina la Mama Fungua. Nikipita sokoni watoto wakiniona wanafungua vinywa wenyewe, hata wale ambao hawajaanza shule, na mama zao wanacheka. Nilikuwa nalipenda jina hilo. Nawaambia ukweli, nilikuwa nalipenda kuliko mshahara.

Sasa niwaambie kilichotokea mwezi wa kwanza mwaka huu, siku ya kuandikisha.

Foleni ilikuwa imefika langoni. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake. Mama wa mtoto anafanya kazi ya zamu kiwandani, kwa hiyo bibi ndiye mama na ndiye baba. Mtoto alikuwa anazungumza kabla hajafika mezani. Aliniuliza miwani yangu kwa nini imefungwa kamba. Aliniuliza kama kabati lile lina vitabu vya kuku. Alimwambia mzazi aliyekuwa nyuma yake kwamba kiatu chake kimefungua mdomo. Bibi akacheka, akasema, "Mwalimu, utatusamehe. Huyu nyumbani tunamwita Chiriku."

Nikauliza, kama ninavyouliza wote, "Bibi, mtoto ana miaka mingapi?"

Akasema, "Minne, mwalimu. Ametimiza juzi."

"Kadi yake?"

"Ililowa paa lilipovuja. Nilipoitoa ilikuwa uji."

Nikamwambia mtoto, "Fungua." Akafungua. Juu, mbele, hapakuwa na kitu. Meno manne hayapo. Fizi tupu.

Nisikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipokosea. Nilicheka. Nikasema kwa sauti, ili foleni yote isikie, maana mtu akishazoea kuchekesha watu hawezi kuacha: "Bibi, naona miaka imeanza kukuchanganya. Mtoto wa miaka minne hang'oki meno manne. Huyu ni sita kamili." Watu wakacheka.

Bibi akasema, "Lakini mwalimu, alipozaliwa nilimpokea kwa mikono hii."

Nikamjibu, "Kinywa hakidanganyi."

Akatazama chini. Akasema, "Basi, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikaandika sita. Nikamzungusha kabati. Nikampa pipi.

Nilifundisha methali katika chumba hiki miaka yote hii: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ninyi wengi mmeiimba hapa. Sikuwahi kuwafundisha nini hutokea mkuu mwenyewe asiposikia. Guu linavunjika vilevile, ila si lake.

Mwalimu wa Benchi, simama kidogo wakuone. Kaa, mwanangu. Nataka watu wajue kwamba huyu alikuja ofisini kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Mwalimu Mkuu, yule mpya hawezi kushika penseli." Nikasema, mkaze. Mara ya pili alisema, "Analala mezani kila siku ikifika saa nne." Nikasema, mkaze. Mara ya tatu alisema, "Siku hizi hasemi kabisa." Nikamuuliza ana watoto wangapi darasani, akasema arobaini na wawili, nikamwambia ashukuru amepata mmoja aliyenyamaza. Naye akacheka, kwa sababu mimi ni mkubwa wake. Angefanya nini?

Miguu yake ilikuwa haigusi sakafu. Hilo nililiona. Nilisema ana mwili mdogo.

Wenzake benchini wote wana mapengo, na pengo benchini ni cheo. Lakini mapengo ya wenzake yalikuwa yanajaa. Miezi miwili mitatu, jino jipya linachungulia. La kwake halikuja. Watoto si watu wa kuficha neno. Wakamwita Pengo. Wakamuuliza, "Pengo, meno yako yamekwama wapi?" Akaanza kuweka kiganja mdomoni akizungumza. Kisha akawa anaweka kiganja bila kuzungumza.

Mpishi wetu akanisimamisha penye dirisha la jiko, akaniambia, "Mwalimu, yule mdogo mkate anaurudisha. Anakunywa chai tu. Akilazimishwa, anautia mfukoni mwa sare." Nikasema, "Anadeka." Mpishi akasema, "Mtoto anayedeka hudeka kwa anayempenda, mwalimu. Mimi hata hanijui." Nikaenda zangu.

Mwezi wa tisa tukawapima. Mnajua alivyofanya. Nikaandika ripoti kwa mkono wangu: Mzito wa kuelewa. Hasemi. Hali vizuri. Nikatia sahihi. Kamati ikakaa, ikaisoma, ikafanya kile ambacho kamati yoyote ingefanya ikipewa karatasi kama ile. Ikaamua mtoto ahamishiwe kituo cha watoto wenye mahitaji maalumu, cha bweni, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Gari linakuja kumchukua Jumatatu. Leo ni Ijumaa.

Nisieleweke vibaya. Kituo kile ni kizuri, nimekitembelea, na watoto wake ni watoto wetu. Lakini kila kitanda kule kinasubiriwa na mtoto anayekihitaji. Na huyu wa kwetu angeondolewa kwa bibi yake kwa kosa gani? Kwa kushindwa kuwa na miaka sita?

Sasa, Tabibu. Wiki tatu zilizopita alikuja na tochi yake na kioo chake kidogo, kukagua vinywa vya watoto wote. Alikaa ofisini kwangu, nami nikasimama nyuma yake kujionyesha. Kabla hajatazama, mimi nataja. Huyu mitano. Huyu sita. Huyu sita na kitu. Alikuwa anatabasamu. Akaingia yule mtoto. Nikasema, "Sita, tena anakaribia saba."

Tabibu akatazama. Akatazama tena. Akazima tochi.

"Nani kasema sita?"

"Kinywa chenyewe," nikasema.

"Kinywa kipi, Mwalimu? Hebu njoo upande huu."

Akanishika kifundo cha mkono, mimi, Mama Fungua, akanivuta kama mtoto wa Mkeka. Akasema, "Tazama chini." Nikatazama. Meno ya chini yalikuwa yote, madogo, yamepangana, hayajatikisika hata moja. Akasema, "Meno ya utoto kwa kawaida huanza kung'oka chini, mbele, pale katikati. Mtoto anakaribia miaka sita, au ameshafika. Huyu ya chini hayana hata habari. Haya ya juu hayakuachia yenyewe. Yalioza. Mawili yalikatika, mawili aling'olewa. Na tazama kule nyuma kabisa. Magego ya ukubwani ya kwanza hayajachungulia. Mwalimu, huyu si wa miaka sita. Kama si minne, basi ndio kwanza anaigusa mitano."

Wenzangu, nimetazama vinywa vya watoto miaka thelathini na mmoja. Nilitazama juu juu tu. Sikuwahi kuuliza jino limetoka kwa nini.

Halafu akamsukuma shavu taratibu kwa kidole. Nyuma, chini ya gego moja la utoto, fizi ilikuwa imevimba, jipu. Akabonyeza. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndivyo tunavyoimba hapa kila mwezi kwa makofi. Siku hiyo niliuona usaha wenyewe, ukitoka katika kinywa cha mtoto niliyesema anadeka. Mtoto hakulia. Tabibu akamuuliza, "Inauma tangu lini?" Akaondoa kiganja mdomoni, akasema, "Kila siku." Yalikuwa maneno mawili, na ndiyo ya kwanza kuyasikia kwake tangu mwezi wa kwanza.

Nililia pale ofisini. Sioni aibu kulisema hilo.

Ya juu yalioza kwa nini? Bibi alieleza bila kuficha, na nimemwomba ruhusa niwaambie, akanikubalia. Mama akiwa zamu, mtoto analia, bibi anamlaza na chupa ya juisi ya sukari, naye analala nayo mdomoni. Yale ya juu yanaoga utamu saa zote hizo. Ya chini yamefunikwa na ulimi, yanapona. Yalianza kumwuma hajafikisha miaka mitatu. Sasa kabla mtu hajamtazama bibi huyu kwa jicho la pembeni, nawaomba jambo moja. Ambaye hajawahi kusema "Ni meno ya utoto, yatang'oka tu," anyooshe mkono.

Nasubiri.

Mheshimiwa, hata wewe? Basi tuko wote. Bibi hakuwa mzembe. Alikosa mtu wa kumwambia, na mtu huyo alikuwa awe mimi, nami kazi yangu ilikuwa kugawa pipi.

Meno yale ni ya kupita, ndiyo. Utoto nao ni wa kupita, je, tuutupe? Mtoto hatafuni kwa meno ya mwaka kesho. Anatafuna leo. Anacheka leo, anasema leo, analala leo au anakesha na maumivu ambayo hajui hata kwamba wengine hawana. Na Tabibu ananiambia lile la utoto ndilo linalolishikia nafasi lile la ukubwani. Likiondoka mapema, majirani wanasogea, na mwenye nafasi akija anakuta imejengwa. Unamwona mtoto mzito, hasikii, hali, hasemi, unatafuta kasoro kichwani. Shuka kidogo. Tazama kinywani. Lakini ukitazama, usitazame kama nilivyokuwa natazama mimi.

Naona karatasi imeletwa. Nyoosha mkono, mwalimu, nipe. Imeandikwa: "Mwalimu, malizia." Haina jina, ila mwandiko naufahamu, niliufundisha mimi.

Basi nilifikie hilo pia. Jumatatu iliyopita nilikwenda kwa Mwenyekiti wa Kamati. Nataka mjue si mtu mbaya. Jiko lile aliliezeka kwa mikono yake siku za mapumziko, na mnakula humo. Nikamweleza yote. Akasema, "Mwalimu, umebakiza siku nne. Usijivunjie heshima mwishoni. Tukimrudisha huyu mmoja, wazazi watauliza: wengine ni wangapi? Tutawajibu nini? Acha mwalimu mkuu mpya aje aliangalie."

Nikamwambia, "Gari linakuja Jumatatu. Mwalimu mpya anakuja mwezi ujao."

Akasema, "Huko watamtunza. Wewe Ijumaa shukuru tu, Mwalimu. Simama, ushukuru, ukae."

Nikamjibu, "Nitashukuru." Na ninashukuru. Hakuniuliza nitamshukuru nani.

Wengine ni wangapi? Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba sijui. Lakini juzi nilifunga mlango wa ofisi nikashusha madaftari ya zamani ya uandikishaji, nikaanza na la mwaka wangu wa kwanza, maana nilikuwa nikiandika pembeni kile mzazi alichosema na mbele yake kile nilichoamua mimi. Nilikuwa najivunia safu ile. Sikwenda mbali. Ukurasa wa pili nikamkuta mtoto ambaye mama yake alisema mitano, mimi nikaandika sita. Alirudia Benchi mara mbili. Pembeni niliandika kwa mkono huu: mzito wa kuelewa. Jina lake silitaji. Nasema tu kwamba leo si mzito, kwamba anajua kuezeka, na kwamba muda mfupi uliopita ameniandikia karatasi.

Kaa, Mwenyekiti. Kaa, baba. Sikusemi kukuaibisha. Mama yako aliniambia, sikumsikia, nawe ukakaa benchi lile miaka mitatu ukidhani kosa ni la kichwa chako. Hukuwa umefikisha umri. Nakuomba radhi, wewe na marehemu mama yako, mbele ya watu hawa hawa unaowaogopa. Wengine ni wangapi? Angalau wawili.

Sasa niangalieni saa ya ukutani. Ni saa tisa na dakika arobaini. Barua yangu ya kustaafu inasema nitakuwa mwalimu mkuu hadi leo saa kumi kamili alasiri. Na hiki kilicho chini ya zawadi yenu ni daftari la mwaka huu. Kamati ina mamlaka mengi, lakini daftari la uandikishaji liko mkononi mwa mwalimu mkuu peke yake. Na kanuni yetu, ambayo Mwenyekiti anaijua kwa moyo, inasema mtoto ambaye hajafikisha miaka sita hapimwi na hahamishwi kwenda kokote kwa matokeo ya kipimo. Kwa hiyo kila kitu kinakaa juu ya tarakimu moja niliyoiandika mwezi wa kwanza nikiwa nacheka.

Kalamu yangu iko wapi? Hii hapa.

Bibi. Nilikuuliza swali siku ile mbele za watu, ukanijibu ukweli, nami nikakufanya kichekesho. Naomba unisamehe. Huna lazima ya kunisamehe leo. Ila nakuomba nikuulize tena, mbele za watu vilevile.

Bibi, mtoto ana miaka mingapi?

Usitazame chini, Bibi. Hakuna aliyesoma kuliko wewe katika jambo hili. Kwa sauti kidogo, safu ya mwisho wasikie.

Minne. Minne na miezi kumi.

Ahsante. Naandika kama ulivyosema. Nakata sita, hivi, ionekane imekatwa, nisije nikasemwa nimefuta. Naandika minne mwezi wa kwanza. Pembeni naandika: kwa kauli ya bibi yake, aliyempokea. Darasa, Mkeka. Sahihi yangu. Tarehe. Mwalimu wa Benchi, njoo uweke yako kama shahidi. Hapa chini. Ni jina lako tu.

Mheshimiwa, umeshuhudia. Barua ya uhamisho sasa inamtaja mtoto wa miaka sita ambaye hayumo katika shule hii. Ndugu mlinzi, Jumatatu gari likija, lifungulie lango ligeuze kwa nafasi. Dereva mpe chai, hana kosa. Tabibu ameahidi kuja kila Alhamisi kwa watoto wote, na pipi za ofisini kwangu zimekwisha. Za mwisho nimezitupa mwenyewe. Na kitambaa hiki naomba kishushwe. Kigeuzwe, upande wa pili ni mweupe, wa Mkeka watachorea.

Nini, mwanangu? Subirini, mtoto ananiuliza kitu. Mwacheni. Msimwambie anyamaze! Mwaka mzima tumengoja.

Anauliza kwenye karatasi ya kung'aa mna nini.

Mna kibao, mwanangu, chenye maneno yasiyo ya kweli. Njoo ukifungue. Kibao utampa mpishi akifanye kuni, karatasi ni yako. Njoo, kwa miguu yako, huna haja ya kuzunguka kabati.

Anauliza pia miwani yangu bado ina kamba kwa nini. Bibi, huyu ni Chiriku kweli.

Mheshimiwa, ndugu wageni, sina la kuongeza. Nawashukuru kwa miaka mliyonikabidhi watoto wenu, na kwa wale walioniambia ukweli nisiusikie nawashukuru mara mbili. Saa inasema kumi kasoro dakika kumi na mbili. Bado mimi ni mwalimu mkuu, na madaftari haya, pamoja na ya zamani niliyokuja nayo, bado yako wazi. Yeyote ambaye niliwahi kumbishia umri wa mwanawe, aje hapa mezani. Asije anapiga magoti. Aje tu anitajie.

Mmenisikiliza miaka thelathini na mmoja. Asanteni. Dakika hizi kumi na mbili nawasikiliza ninyi.